Miaka 80 ya Hiroshima: Mawe Yalitoka Katanga

Hii ni hotuba niliyoitoa Dar es Salaam tarehe 6 Agosti 2025 mbele ya wanafunzi, walimu na wazee. Naiweka hapa yote kwa ajili ya waliokosa kufika.

Wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu, nawasalimu. Wanafunzi, ahsanteni kwa kuja kwa wingi hivi katikati ya wiki.

Leo kule Hiroshima, saa mbili na robo asubuhi kwa saa zao, kengele imegongwa na maelfu ya watu wamesimama kimya kwa dakika moja. Imetimia miaka 80. Katika bustani ya kumbukumbu ya mji ule kuna mnara, na ndani yake yamehifadhiwa madaftari ya majina ya waliokufa kwa bomu. Kila tarehe 6 Agosti majina mapya huongezwa, ya manusura waliofariki mwaka uliopita. Yameshapita 340,000. Vita vilikwisha mwaka 1945, na madaftari ya waliouawa na vita hivyo hayajafungwa hadi leo.

Najua wapo humu wanaojiuliza: Hiroshima inatuhusu nini sisi? Japani ni mbali, Marekani ni mbali, bomu hatuna wala hatulitaki. Nitawajibu, lakini kwanza tuseme kilichotokea, maana jambo likishawekwa kwenye kitabu cha historia watu huacha kulitazama.

Jumatatu ya tarehe 6 Agosti 1945, ndege ya Marekani iliyoitwa Enola Gay ilidondosha bomu moja juu ya Hiroshima. Lililipuka likiwa bado angani, kiasi cha mita 600 juu ya hospitali moja ya katikati ya mji. Mji ulikuwa na watu wapatao 350,000. Mwaka ulipokwisha, takribani 140,000 walikuwa wamekufa. Wengine papo hapo. Wengine kwa kuungua. Wengine walionekana wazima kabisa, halafu baada ya siku kadhaa nywele zikaanza kunyonyoka, damu ikawatoka kwenye fizi, wakafa kwa mionzi, na daktari aliyekaa pembeni yao hajui anatibu nini.

Wanafunzi, nisikilizeni hapa. Asubuhi ile watoto wa shule, wengi wao wa miaka 12 na 13, walikuwa nje mitaani. Walikuwa wamepangiwa kazi ya kusaidia kubomoa nyumba ili ziachwe nafasi wazi, moto usienee pindi mji utakaposhambuliwa kwa mabomu ya kawaida. Takribani 6,000 kati yao walikufa. Hawakuwa askari. Hawakuwa wameshika bunduki. Walikuwa wameshika mbao na vigae.

Na majeruhi walikwenda wapi? Zaidi ya asilimia 90 ya madaktari na wauguzi wa mji ule waliuawa au kujeruhiwa. Daktari wa Msalaba Mwekundu wa Kimataifa, Marcel Junod, alifika na dawa tarehe 8 Septemba, mwezi mzima na zaidi baada ya mlipuko. Niambieni, nyinyi mnaosoma uuguzi na utabibu: katika hospitali zetu zote za mji huu, tuna vitanda vingapi vya watu walioungua? Makumi? Sasa leteni watu elfu hamsini kwa asubuhi moja, na nusu ya wauguzi wenyewe wakiwa wamelala sakafuni.

Siku tatu baadaye ikawa Nagasaki, na haikuwa hata zamu yao. Ndege ilikuwa imetumwa mji wa Kokura, ikaukuta umefunikwa na wingu na moshi, ikageuza. Watu wa Kokura waliendelea na shughuli zao. Saa tano na dakika mbili asubuhi bomu la pili likalipuka juu ya bonde la Urakami, ndani ya Nagasaki.

Ndani ya mji ule kulikuwa na kijana wa miaka 16, Sumiteru Taniguchi, mpeleka barua. Alikuwa juu ya baiskeli yake akigawa barua, umbali wa kilomita 1.8 kutoka kwenye kitovu cha mlipuko. Mlipuko ulimtokea nyuma, ukamtupa chini. Alipojiinua, ngozi ya mkono wa kushoto ilikuwa imechunika inaning'inia, na mgongo wote umeungua. Alilala kifudifudi mwaka mmoja na miezi tisa. Kifudifudi, ndugu zangu, mpaka nyama ya kifua ikaoza kwa kulaliwa. Alisimulia baadaye kwamba kila walipokuja kumsafisha vidonda aliwalilia wamuue. Alitoka hospitali mwaka 1949, akarudi kazini, akaoa, akapata watoto. Na maisha yake yote yaliyobaki alizunguka akionyesha watu picha ya mgongo wake. Mwaka 2010, akiwa mzee, alisimama Umoja wa Mataifa mbele ya wanadiplomasia akaiinua picha ile waione.

Kwa nini ilimlazimu aionyeshe? Kwa sababu kulikuwa na juhudi kubwa ya kuficha. Jeshi la Marekani liliitawala Japani mpaka mwaka 1952, na habari za madhara ya bomu zilidhibitiwa. Manusura, ambao Wajapani huwaita hibakusha, walibaki na maradhi yao kimya. Walibaguliwa pia na watu wao wenyewe: nani amwoe binti aliyepigwa na mionzi? Nani amwajiri mtu ambaye kesho hataweza kunyanyuka? Ilikuwa mpaka tarehe 1 Machi 1954, Marekani ilipojaribu bomu kubwa zaidi katika visiwa vya Bikini, na majivu yake yakawanyeshea wavuvi 23 wa Kijapani ndani ya mashua yao. Mmoja wao, Aikichi Kuboyama, alifariki mwezi Septemba mwaka huo. Japani nzima ikaamka. Mwaka 1956 manusura wakaunda chama chao, Nihon Hidankyo, na mwaka jana, 2024, chama hicho kikapewa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Aliyehutubia kule Oslo alikuwa Terumi Tanaka, mzee wa miaka 92, ambaye Nagasaki ilimkuta ana miaka 13 na ikamuulia ndugu watano. Sasa hibakusha waliobaki hai hawafiki laki moja, na wastani wa umri wao umepita miaka 86. Hawa ndio mashahidi wa mwisho.

Sasa nijibu lile swali. Inatuhusu nini?

Bomu la Hiroshima lilikuwa la urani. Na sehemu kubwa ya urani ya mradi wa siri wa Marekani wa kutengeneza bomu ilitoka Shinkolobwe. Shinkolobwe iko wapi? Iko Katanga, karibu na mji wa Likasi, huko ambako sokoni, kanisani na mgodini watu wanazungumza Kiswahili. Albert Einstein alipomwandikia Rais Roosevelt mwezi Agosti 1939 kumwonya juu ya uwezekano wa bomu la namna hiyo, barua ilitaja kwamba chanzo muhimu kuliko vyote cha urani ni Kongo ya Wabelgiji. Walijua. Mawe ya Shinkolobwe yalikuwa hayana mfano duniani. Madini ya Marekani na Kanada yalikuwa na urani isiyofika hata asilimia moja. Ya Shinkolobwe, yale bora, yalifika asilimia 65.

Mgodi ulikuwa wa kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga. Mkuu wake, Edgar Sengier, akihofia Wajerumani, alisafirisha mapema tani 1,200 za mawe hayo hadi New York, yakawekwa ghalani Staten Island. Mwezi Septemba 1942 kanali wa jeshi, Kenneth Nichols, alimfuata ofisini kwake kutafuta urani, na kumbe tayari ilikuwa pale pale mjini, kwenye mapipa. Wakauziana. Kisha mgodi uliokuwa umejaa maji ukafunguliwa upya, mawe yakateremka kwa reli na matishari hadi bandari ya Matadi, na kutoka hapo yakavuka bahari.

Sengier alipewa nishani na serikali ya Marekani mwaka 1946. Na wachimbaji? Mradi ulikuwa siri. Hakuna aliyewaambia yale mawe yanakwenda kufanya nini. Na msidhani walikuwa na uwezo wa kukataa. Desemba 1941, wafanyakazi wa kampuni hiyo hiyo waligoma Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, wakidai mshahara. Walipigwa risasi. Makumi walikufa. Hiyo ndiyo hali ambayo urani ile ilitolewa ardhini.

Sisemi haya ili Mkongomani abebeshwe hatia. Aliyelazimishwa hana hatia. Nasema ili tuache kujiita watazamaji. Bomu lilipoanguka Hiroshima, ardhi ya Afrika ilikuwa ndani yake na jasho la Mwafrika lilikuwa ndani yake. Na shimo lenyewe halikuacha kudai watu: mgodi ulifungwa karibu na uhuru wa Kongo, lakini watu wakaendelea kuchimba kobalti humo kwa mikono, na mwaka 2004 ukaporomoka na kuua.

Wazee wangu, kuna hoja ambayo siwezi kuiruka, kwa sababu baadhi yenu ni watoto wa watu wa Keya, askari wa Afrika Mashariki katika jeshi la Waingereza. Baba zenu walipelekwa Burma. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliwasukuma Wajapani katika bonde la Kabaw mwaka 1944, kwenye mvua na matope na malaria, na wengi wamezikwa kule. Jeshi la Japani lilikuwa katili. Waulizeni Wachina, waulizeni Wakorea. Kwa hiyo wapo wanaosema: bomu lilimaliza vita, liliokoa maisha ya askari ambao wangekufa Japani ikivamiwa Novemba 1945, na pengine askari wa kwetu nao wangeitwa tena. Hoja hii si ya kijinga, na mtu aliyempoteza baba Burma ana haki ya kuitoa.

Lakini naikataa, na nitasema kwa nini. Tarehe 9 Agosti, asubuhi ya Nagasaki, baraza kuu la vita la Japani lilikuwa limekaa Tokyo. Usiku uliotangulia Urusi ya Kisovieti ilikuwa imetangaza vita, na majeshi yake yalikuwa yanaingia Manchuria, sehemu ya China iliyokuwa mikononi mwa Wajapani. Habari za Nagasaki ziliwafikia wakiwa mkutanoni, na bado waligawanyika watatu kwa watatu. Mfalme alikata shauri usiku ule, na tangazo likatoka tarehe 15. Wanahistoria wanabishana mpaka leo ni kipi kilichowavunja zaidi, bomu au Urusi. Mimi naona Urusi ilikuwa na uzito ambao simulizi la washindi huuficha. Na hata nikikubali kwamba bomu la kwanza liliharakisha mwisho, la pili la nini, siku tatu tu baadaye? Na watoto wale 6,000 waliobeba vigae, walikuwa wanamlinda jenerali gani?

Wapo waliolikataa tangu mwanzo, ndani ya mradi wenyewe. Joseph Rotblat, mwanafizikia wa Kipolandi, alijiunga kwa sababu moja: alihofia Hitler atalipata bomu kwanza. Mwishoni mwa mwaka 1944 ilipobainika kwamba Wajerumani hawana bomu, aliona sababu yake imekwisha, akaondoka. Mke wake alikuwa amebaki Poland mikononi mwa Wanazi, na hakumwona tena. Kama kuna mtu aliyekuwa na sababu ya chuki, ni huyo. Aliondoka. Maisha yake yote akafanya kazi ya kuwakutanisha wanasayansi wa pande zinazohasimiana, na mwaka 1995 akapewa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Nikisikia mtu anasema hakukuwa na njia nyingine, namkumbuka Rotblat.

Tuje kwenye mjadala wa leo. Nchi tisa zina silaha hizi za nyuklia: Marekani, Urusi, Uingereza, Ufaransa, China, India, Pakistani, Israeli na Korea Kaskazini. Kwa jumla zina vichwa vya nyuklia zaidi kidogo ya 12,000, na karibu tisa katika kila kumi viko Marekani na Urusi. Wenye nazo wanatuambia: hizi ndizo zinazolinda amani. Kwa miaka 80 hazijatumika tena vitani, kwa hiyo hofu inafanya kazi.

Hofu inafanya kazi? Usiku wa tarehe 26 Septemba 1983, afisa wa Kisovieti aitwaye Stanislav Petrov alikuwa zamu kwenye kituo cha tahadhari karibu na Moscow. King'ora kikalia. Mitambo ikasema Marekani imerusha kombora. Halafu la pili, la tatu, la nne, la tano. Uhusiano wa mataifa hayo wakati ule ulikuwa mbaya mno. Wiki tatu na ushee kabla ya hapo Wasovieti walikuwa wameitungua ndege ya abiria ya Korea Kusini. Kazi ya Petrov ilikuwa kutoa taarifa juu, na waliokuwa juu walikuwa na dakika chache tu za kuamua. Aliwaza: mtu anayeanza vita vya namna hii haanzi na makombora matano. Akaripoti kwamba mtambo umekosea. Ulikuwa umekosea kweli. Setilaiti ilikuwa imeona mwanga wa jua ukiakisiwa na mawingu, ikadhani ni moto wa makombora.

Mawingu, jamani! Kokura iliponywa na wingu, na dunia nzima nusura iangamizwe na wingu. Na mnataka nikubali kwamba huu ni ulinzi? Huu ni mwenye basi kuendesha bila breki miaka 80 na kuwaambia abiria kwamba mbona hatujaanguka.

Wapo watakaosema: tazama Ukraine. Iliachana na silaha zilizobaki kwake baada ya Muungano wa Kisovieti kuvunjika, ikaahidiwa usalama mjini Budapest mwaka 1994, na leo iko wapi? Hili ni pigo la kweli kwa upande wetu, sitalipunguza. Ahadi ilivunjwa mwaka 2014, ikavunjwa tena 2022, na kila nchi ndogo imeona. Lakini tazameni upande wa pili. Ni nini kinachowafanya wengine waogope kumzuia mvamizi? Ni silaha zake za nyuklia. Zimekuwa ngao ya anayeshambulia. Na kama jibu ni kila anayetishwa awe na bomu lake, basi hesabuni nchi zinazotishwa duniani, halafu hesabuni kina Petrov tutakaowahitaji, na kila mmoja awe macho, awe mtulivu, asikosee hata usiku mmoja.

Kupunguza kunawezekana; kumeshafanyika. Mwaka 1986 vichwa vilikuwa takribani 70,000. Vilipungua kwa sababu watu walisimama. Juni 1982 watu wapatao milioni moja walijaa New York kudai silaha hizi zisimamishwe, na mwaka 1987 Reagan wa Marekani na Gorbachev wa Urusi ya Kisovieti wakasaini kuteketeza aina nzima ya makombora. Hatari ya leo ni kwamba mikataba ile inakufa mmoja mmoja. Uliobaki kati ya Marekani na Urusi umewekewa kikomo Februari 2026, miezi sita kutoka leo, na hakuna unaoandaliwa kushika nafasi yake.

Nimalizie na Afrika, maana hapa tuna jambo la kusema na watu wasikilize. Tarehe 13 Februari 1960 Ufaransa ililipua bomu lake la kwanza Reggane, katika Sahara ya Algeria, bomu lenye nguvu mara kadhaa kuliko la Hiroshima. Kabla ya hapo, kundi la Waafrika, Waingereza na Wamarekani liliondoka Accra kwa magari kwenda kujiweka lenyewe mahali pa mlipuko. Wanajeshi wa Kifaransa waliwazuia mpakani. Mmoja wa kundi lile alikuwa Bill Sutherland, Mmarekani mweusi, ambaye baadaye alihamia hapa hapa Dar es Salaam na kuishi nasi miaka mingi. Huenda baadhi ya wazee humu mlipishana naye barabarani. Nkrumah alizuia mali za Ufaransa zilizokuwa Ghana. Bomu lililipuka, ndiyo. Lakini Afrika ilikuwa imesema hapana kabla nchi zake nyingi hazijapata hata bendera.

Afrika Kusini ya makaburu ilitengeneza mabomu sita. Ikayabomoa yote, na mwaka 1993 Rais de Klerk akautangazia ulimwengu. Naam, wapo wanaosema hakutaka yaingie mikononi mwa Mandela, na huenda kuna ukweli ndani yake. Lakini serikali ya Mandela ilipokuja haikuyatafuta tena. Mwaka 1996 nchi zetu zikasaini Mkataba wa Pelindaba, unaolifanya bara lote kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia. Ulihitaji nchi 28 kuuridhia ndipo uanze kazi. Mnajua nchi ya 28 ilikuwa ipi? Burundi, tarehe 15 Julai 2009. Jirani yetu huyu mdogo, aliyekuwa ndiyo kwanza anatoka vitani, ndiye aliyeufunga mlango.

Sasa kuna mlango mwingine. Tarehe 7 Julai 2017 nchi 122 zilipitisha Umoja wa Mataifa mkataba wa kupiga marufuku silaha za nyuklia kabisa. Taniguchi, yule mpeleka barua, aliwahi kuuona ukipitishwa. Alifariki mwezi Agosti mwaka huo huo. Mkataba ulianza kutumika Januari 2021. Kongo, nchi ya Shinkolobwe, imeuridhia. Tanzania iliusaini Septemba 2019, na mpaka leo naposema haijauridhia. Hakuna hata moja ya nchi tisa iliyosaini, na kwa sababu hiyo watu husema ni karatasi tu. Lakini Pelindaba nao uliitwa karatasi.

Na tuna jingine la karibu zaidi. Kule Namtumbo, mkoani Ruvuma, katika mradi wa Mto Mkuju, kuna urani, na inakusudiwa kuchimbwa. Sipingi umeme wa nyuklia, wala sipingi Ruvuma ipate ajira. Ninachotaka ni yale ambayo mchimbaji wa Shinkolobwe hakupewa. Aambiwe mionzi ni nini na apimwe. Maji ya vijiji yapimwe na matokeo yasomwe hadharani. Na kila pipa linaloondoka lijulikane linakwenda kwa nani, na kwa ukaguzi gani wa kimataifa. Haya ni maswali ya kuulizwa bungeni, kwa sauti, kabla treni haijaanza kubeba.

Kwa hiyo ombi langu ni mawili. Mwandikieni mbunge wenu mumuulize mkataba ule umekwama wapi. Na walimu wa historia, mnapofundisha Vita vya Pili vya Dunia, mfundishe Shinkolobwe siku moja na Hiroshima, katika kipindi kimoja. Nimesema mengi, na nimeona vichwa vikitikiswa pale nyuma nilipotaja Ukraine. Nyinyi ndio nataka muanze. Kipaza sauti kiko hapa mbele.